Gari Moja Lilipoondoka

Gereji nzima ilimwita Mama Waya, maana kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa umeme wa magari. Mumewe, mwalimu wa udereva, alifariki mwezi wa tatu akamwachia magari mawili uani. Sasa mwenye nyumba anajenga ukuta, na ua utabaki na nafasi ya gari moja tu.

Jumamosi asubuhi shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaja na mnunuzi.

"Shemeji, sema wewe. Lipi liende?"

Mama Waya alifungua boneti zote mbili, akachukua taa yake ya kupimia, akaanza kazi kana kwamba magari ni ya mteja.

La kwanza lilimzidi hata yeye umri: kabureta, vioo vya kuzungusha kwa mkono, fyuzi nne basi. Kila waya aliweza kuufuata kwa kidole mpaka mwisho. Ila maganda ya waya yalikuwa yamekauka, yanameguka kama biskuti. La pili lilitengenezwa miaka thelathini baadaye. Lina kompyuta, vioo vya swichi, na waya chungu nzima, hujui upi unakwenda wapi. Alilipiga ufunguo mara moja tu, likawaka.

"Liende la zamani."

Shemeji alimkodolea macho. "Si ndilo kaka alilokuja nalo kukuposa? Lilizima njiani, nikalisukuma mimi mpaka mlangoni kwenu. Baba yako alicheka mpaka akapaliwa!"

"Ndilo. Lakini waya zimekwisha."

"Na huoni uchungu?"

Alifikiri kidogo, swali lilikuwa la haki. "Sioni kitu, shemeji. Tangu siku ya msiba sioni kitu. Hata kula nakumbushwa."

Mnunuzi alisema atabadilisha waya zote. Mama Waya akamwonyesha jinsi ya kuchomoa betri kila anapoliegesha, waya zile zisije zikashika moto, akarudia mara mbili, akampa na spana. Gari likatoka. Shemeji alilia pale getini, machozi akiyafuta kwa mkono wa shati. Mama Waya akampigapiga mgongoni, kisha akaenda kumwaga mchanga kwenye doa la oili.

Jumatatu alikwenda kazini na lile lililobaki.

"Mama Waya, leo umetuletea kompyuta!" fundi wa injini alimtania.

Wote wakacheka. Naye akacheka, amechelewa kidogo, akaisikia sauti yake kama ya mtu wa chumba cha pili. Halafu akavuta stuli, akaanza kufungua stata ya mteja wa kwanza.