Wekundu kwenye Mrija

Yaya, ndivyo tulivyomwita dada mkubwa kwetu Nengo, hakwenda hata sokoni bila kupaka rangi ya mdomo. Alikuwa nayo moja tu, nyekundu, iliyotoka Goma ng'ambo ya mpaka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mwizi mdogo, naiiba kila akigeuka.

Siku wakwe walipoteremka kutoka Kanama kumposea kijana wao, mama alimsugua midomo kwa sabuni. "Watu wa milima hawapendi mambo hiyo. Leo ukae kama mutu." Yaya akakaa midomo mitupu, moshi wa jikoni ukimkohoza. Jamani, alimpenda yule kijana! Alikuwa ameshashona mpaka foronya.

Mimi nilikuwa chumba cha nyuma na mtungi wa pombe ya mtama, nimejipaka, najiona bibi harusi. Nikavuta mafunda mawili kwa mrija. Nilipoitwa niilete, nikafuta midomo kwa mkono, mrija nikausahau.

Kwetu anayetoa pombe huonja kwanza, mgeni aone haina sumu. Yaya akaonja, akakohoa, akampa mrija shangazi wa kijana. Yule mama akauinua kwenye mwanga wa mlango.

"Iko damu," akasema. "Huyu mutoto iko na kifua kikuu."

Mama yetu akaapa kwa Mungu. Yaya akafunguliwa kinywa, wakamchungulia kama ng'ombe wa kuuzwa. Midomo safi kabisa. Basi damu ilitoka wapi kama si ndani? Wakaaga hata mtungi haujapungua. Neno moja tu, "ni mimi," na harusi ingekuwepo. Niliogopa fimbo, nikanyamaza. Fimbo, jamani!

Habari ilipanda mpaka Mudende. Hakuna aliyekuja tena kuposa. Yaya aliendelea kujipaka kila asubuhi mpaka nywele zikawa nyeupe, na kikombe chake alikitenga mwenyewe, bila kuambiwa. Mimi niliolewa, nikazaa. Hadi leo nikiona alama nyekundu kwenye glasi ya mtu, huichukua nikaiosha.

Wiki yake ya mwisho duniani nilikwenda nimeamua kusema. Nikaanza tu, "Yaya, siku ile ya pombe..." Akaingiza mkono chini ya mto, akanipa kile kikopo cha rangi ya Goma, kitupu.

"Bon, chukua, we ndiye uliipenda. Siku ile ile niliona vidole yako nyekundu. Nilikuwa nakungojea useme."