Uzi Mrefu Hufa Kwanza

Siku dada yangu aliporudi nyumbani na ndala moja, nilicheka. Nakiri. Alikuwa ametembea kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni kwetu, mguu wa kushoto umevaa, wa kulia mtupu, na hakuwa na habari. Unyayo ulikuwa umechanika. Damu ilikuwa imechora sakafu kuanzia kizingitini mpaka kwenye kiti alichokalia.

"Ndala yako nyingine iko wapi?" nikamuuliza.

Akatazama chini. "Sijui," akasema. Hapo kicheko kikanikauka.

Dada amenizidi miaka tisa. Mama alipofariki yeye ndiye aliyenilea, akanisomesha kwa kazi moja tu, ya kubandika soli katika kiwanda cha viatu. Kazini walimwita Bi Gundi. Kwa miaka kumi na tisa alishika brashi: anapaka soli, anapaka ngozi ya juu, anangoja gundi ishikeshike, anagandisha, anapitisha kwa mwenzake. Alikuwa akipaka mstari ulionyooka huku anaongea na mtu, bila hata kutazama.

Walikuwa wanawake kumi na mmoja kwenye meza ndefu. Mwishoni mwa chumba palikuwa na kibanda cha vioo cha msimamizi. Mwaka mmoja kabla ya siku ile ya ndala, mambo mawili yalibadilika. Madirisha yalifungwa kwa misumari, eti vumbi la barabarani linaganda kwenye soli mbichi. Kisha ikaja gundi mpya, kwenye makopo yasiyo na karatasi ya maelezo. Ilikauka haraka, harufu yake kali ikamfuata dada mpaka nyumbani. Nilikuwa nikimwambia atundike nguo zake za kazi nje.

Miguu ilianza kwa ganzi vidoleni. Baadaye ikawa inawaka moto, halafu magoti yakaanza kumlegea kwenye ngazi. Mwisho ugonjwa ukahamia mikononi. Asubuhi alinisogelea na blauzi wazi, amegeuza uso pembeni. "Hebu nifungie," anasema, kama vile vifungo ndivyo vyenye makosa.

Kila mtu alikuwa daktari wake. Mimi nilisema ni presha, nikampunguzia chumvi kwenye mboga mpaka akagoma kula. Wifi yetu alisema kuna mkono wa mtu hapo, akamtafute. Zahanati walimpa vidonge vya vitamini mara tatu, vya rangi tatu.

Na msimamizi? Alimwona akiyumba ngazini, akamwita mbele ya meza nzima. "Nipumulie usoni," akamwambia.

Dada yangu hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Alimpumulia. Msimamizi hakunusa kitu, kwa sababu hakikuwepo cha kunusa, lakini aliingia kibandani akaandika kwenye faili lake: *Anakuja kazini akiwa amelewa.* Wiki iliyofuata wakamwambia akae nyumbani mpaka atakapoacha pombe. Ndiyo siku hiyo aliyorudi na ndala moja.

Zahanati, wakati muuguzi anausafisha ule unyayo ili aushone, aliona mgonjwa anatazama dirishani kama anayesukwa nywele. Hakuwa amefikia kumchoma ganzi bado. Akaweka sindano chini, akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa.

Huko tulipelekwa chumba cha mwisho cha ukumbi, chumba chenye kitanda cha plastiki na mashine inayofanana na televisheni ya zamani. Fundi wa mashine alikuwa mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa kamba. Alimbandikia dada vibandiko vyenye nyaya, akasema, "Nitakupiga umeme kidogo kidogo, mama. Ukiumia sema."

Alianza kwenye kiwiko. Mkono uliruka, na kwenye kioo mstari ukapanda kilima kidogo. Akahamia kifundo cha mguu. Mstari ukalala. Akaongeza. Ukalala vilevile, umenyooka kama rula.

"Umewasha?" dada akauliza.

"Nimewasha, mama."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Unafanya kazi gani?"

Miezi minane. Zahanati, wauguzi, msimamizi, wifi, mimi niliyekula jasho la kazi hiyo tangu utotoni. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Dada alipomaliza kumweleza habari za gundi na misumari ya madirisha, yule fundi alivuta stuli akakaa.

"Ngoja nikueleze," akasema. "Ukikanyaga mwiba, habari inafikaje kichwani? Inabebwa na seli za neva. Seli nyingine mwilini, karibu zote, ni ndogo, huzioni kwa macho. Ya neva nayo ina kiini kidogo, lakini imetoa uzi. Hii ya mguu kiini chake kiko hapa mgongoni, pembeni ya uti wa mgongo, na uzi wake unateremka mpaka kidole gumba. Seli moja, mama, urefu wake karibu mita."

"Na umeme unapita humo."

"Unapita, ila si kama wa waya wa nyumbani. Kwenye ngozi ya ule uzi kuna vijilango. Vikifunguka, chumvichumvi yenye chaji inaingia ndani, hapo panapata mshtuko. Mshtuko huo unafungua vijilango vya mbele, navyo vinafungua vya mbele yake, hivyo hivyo mpaka mwisho. Juu ya uzi kuna ala ya mafuta yenye mapengo, kwa hiyo habari inaruka pengo hadi pengo. Mita hamsini kwa sekunde moja. Ikifika mwisho, seli ya pili haijagusana na ya kwanza, kuna mwanya. Basi ya kwanza inamwaga kemikali kidogo mwanyani, ya pili inaipokea, inaamka, inaendelea. Au kama ni msuli, unavuta."

Dada alinigeukia. "Chumvi, umesikia?" Nikainamisha macho.

"Sasa gundi," fundi akaendelea. "Inayeyushwa kwa dawa. Nyingine inaitwa heksani. Unaivuta kwa pua, ini linaibadilisha kuwa sumu, sumu inakwenda kwenye uzi. Uzi haujilishi wenyewe. Chakula chake kinatoka kwenye kiini, kinasafirishwa ndani kwa ndani. Sumu inaziba njia. Sehemu iliyo mbali zaidi ndiyo inayokosa kwanza. Ndiyo maana vidole vya miguu, kisha miguu, kisha mikono. Uzi mrefu hufa kwanza."

"Kwa hiyo nilikuwa nalewa kwa pua," dada akasema.

Hakusema kwa utani. Nilimwona shingo imemvimba. Watu wa kwetu husema hasira hasara, na tangu siku hiyo kila aliyemwambia hivyo alimjibu, "Hasara ya nani?"

"Niandikie hayo," akamwambia fundi.

"Ataandika daktari. Mimi napima tu."

"Na wenzangu kumi walioko pale sasa hivi? Nitawajuaje bila mashine yako?"

Fundi akafikiri. Akachukua pamba, akamwonyesha: mtu afumbe macho, umguse kidole cha mguu, akuambie lini umemgusa.

Kesho yake, saa ya mapumziko ya mchana, wanawake walipotoka kukaa chini ya ukuta wa kiwanda, walimkuta dada langoni na magongo mawili aliyopewa hospitali. Mimi nilibeba pamba.

"Vueni viatu," akasema.

Wengine walicheka, wakavua. Alianza na binti aliyekuwa ameolewa majuzi. Binti akafumba macho, mikono mapajani. Dada akamgusa kidole gumba. Akamgusa tena. Akamgusa mara ya tatu, akitelezesha.

"Anza basi, Bi Gundi," binti akasema, macho bado yamefumbwa.

Hakuna aliyecheka tena. Kati ya kumi, sita hawakuhisi. Wawili walianza kulia, kwa kuwa walikuwa wakijua muda mrefu na wakificha, wasije nao wakaambiwa wapumue.

Msimamizi alitoka mbio. "Mlevi huyu amerudi kufanya nini hapa?"

Dada aliinuka kwa magongo yake. Haikuwa kazi rahisi, na hakuruhusu mtu amshike. "Sogea karibu," akamwambia. "Safari hii wewe nipumulie mimi. Tuone nani kati yetu anavuta sumu na hajui."

Kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo walikwenda ofisi ya kazi wote saba. Afisa aliwaambia wajaze fomu, wasubiri wataitwa. Dada akakaa kwenye benchi la ukumbini. Saa kumi na moja jioni afisa akatoka na funguo, akamkuta. Akamwambia arudi kesho.

"Sitoki," dada akasema. "Nina miguu isiyojua kuchoka. Wewe je?"

Maafisa wa kazi walikagua kiwanda siku ya tatu. Kopo lilipimwa, heksani ikakutwa, nyingi. Misumari ikang'olewa madirishani, feni zikafungwa ukutani, gundi ikabadilishwa. Mwenye kiwanda alisema alidanganywa na aliyemuuzia.

Ungedhani hapo mambo yalikuwa mazuri. Dada alizidi kuugua. Miezi mitatu tangu aache kuinusa, mikono ilinyauka, kijiko kikamshinda, nikawa namlisha. Nilimfuata fundi nikamfokea mbele ya wagonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema sumu hii ndiyo tabia yake: nyuzi zilizokwisha kuumia huendelea kufa hata baada ya hewa kuwa safi, kisha husimama, kisha huota tena kutoka juu. Kama milimita moja kwa siku.

Nilimpelekea dada jibu hilo. Alitaka kurusha kikombe ukutani. Kilimponyoka kabla hajakiinua, na hilo likamkasirisha kuliko yote.

Jumapili moja mchana mlango uligongwa. Alikuwa msimamizi, ameshika fimbo.

"Dada, samahani..."

"Mimi si dada yako."

Hakumkaribisha kiti. Yule mtu alisimama katikati ya sebule yetu akiyumba. Kile kibanda chake cha vioo kilikuwa ndani ya chumba kilekile, hewa ileile.

"Vidole havinisikii," akasema. "Tangu mwezi wa nne. Nilimficha hata mke wangu."

"Umekunywa?"

Dada akaniagiza karatasi na kalamu, akamwambia akae sasa, aandike kwamba lile neno la kwenye faili ni uongo, na kwamba alijua ni uongo alipoliandika. Kalamu ilimteleza vidoleni mara nne. Mistari mitano ilimchukua karibu saa nzima. Dada alimtazama muda wote, hakumsaidia, na mimi nilipotaka kumshikia karatasi isihame alinikata jicho.

Alipotia sahihi, dada akamwambia, "Fundi wa mashine yupo Jumanne na Alhamisi. Fika kabla ya saa mbili, foleni ni ndefu. Mwambie kazi yako kabla hajakuuliza."

Mgeni alipoondoka nilimuuliza kwa nini amemwelekeza.

"Kwani neva zake zimenikosea nini?" akajibu, na akaendelea kununa mpaka jioni.

Sasa ni mwaka wa pili. Mikono imerudi, vifungo anafunga mwenyewe. Miguuni uhai umeshuka mpaka kwenye vifundo ukasimama hapo, na fundi haahidi zaidi. Wale sita walipona vizuri kuliko yeye, kwa sababu waliepushwa na sumu kabla haijawazidi. Hilo hulisema mwenyewe, bila kutabasamu.

Mwezi uliopita dereva wa kiwanda alileta boksi. Ndani mlikuwa na viatu vipya vya ngozi na kadi ya kumtakia afya njema. Dada alivigeuza, akasoma namba chini ya soli, akavirudisha ndani na kufunika.

"Miaka kumi na tisa nimewatengenezea viatu," akasema, "na hawajui navaa namba ngapi. Warudishie."

Dereva alikuwa amekwisha kuondoka. Nililibeba boksi kwa miguu mpaka kiwandani, nikaliweka juu ya meza ya mlinzi.