Yai la Baraka

Kila nikipita karibu na mulini, mashine ya kusaga unga iliyo pale soko la Kitshanga, harufu ya soya iliyokaangwa inanisimamisha. Pikipiki zinanipigia honi, wachungaji wanapitisha ng'ombe wao ubavuni mwangu, watu wananiuliza kama nimepoteza kitu. Wakati huo mimi siko Kitshanga. Niko Burungu, kijiji cha utoto wangu, kwenye ua wa nyumba yetu, nimembeba mdogo wangu Baraka mgongoni, najisifu jinsi alivyo mzito.

Mwaka ule mvua iliozesha maharagwe yote mlimani. Tulibaki na muhogo: asubuhi bugali ya muhogo, jioni bugali ya muhogo na maji ya mboga yasiyo na mafuta. Na hata hivyo Baraka, jamani, alikuwa ananenepa! Mashavu yalijaa, miguu ilijaa, nywele zikawa laini na nyekundu kama ndevu za mahindi. Nilimpitisha kwa majirani makusudi, ili nisikie mtu akisema, "Yee! Huyu mutoto munamulishaka nini?" Kitu kimoja tu kilinishangaza: hakucheka tena wala hakutaka kucheza. Koko, bibi yetu mzaa baba, alisema hiyo ni adabu, mtoto ameanza kutulia.

Koko ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Baba alikuwa mwanawe, Mama alikuwa mkwewe, na sisi watoto tulikuwa kelele tu. Kuku pia walikuwa wake. Mayai aliyapanga kwenye kikapu chenye majani makavu, yakaenda sokoni, yakarudi chumvi na sabuni. Mtoto ale yai? Aka! Kwetu kila mtu alijua kwamba mtoto akionjeshwa yai atakuwa mwizi. Ataanza na vya kwao, atamalizia na ng'ombe wa watu wa kijiji cha Kirolirwe. Niliamini kabisa, na nilipopita karibu na kile kikapu nilificha mikono nyuma, maana nilikuwa najijua.

Basi siku moja gari la njano likapanda kilima. Kampuni moja ya Goma inayouza mafuta ya kupikia ilikuwa imeamua kusaidia watoto wenye njaa vijijini. Walileta unga wa soya, mafuta, na vikombe vya njano vyenye picha ya jua. Direkta wao alitoa hotuba ndefu kwa Kifaransa, nasi tukapiga makofi kila alipovuta pumzi. Halafu tukapigwa picha na vikombe vyetu. Siku hiyo vilikuwa vitupu, lakini tulivishika kwa mikono miwili.

Gari liliporudi Goma, mwanamke mmoja alibaki. Aliitwa Mama Josefina, na kampuni ilikuwa imemweka atufundishe kupika. Kila juma akina mama walikutana kwenye ua wa kanisa. Aliwaonyesha namna ya kukaanga soya kabla ya kusaga, mpaka kijiji kizima kikanukia. Unga wa kampuni uliingia kwenye sufuria, lakini kila mama alitakiwa kuongeza kitu cha kwake, mboga ya lengalenga au ndizi.

"Kampuni itachoka siku moja," alisema. "Kuku zenu hazitarudi Goma. Juma lijalo, mwenye kuku alete yai, mutoto wake akule."

Wanawake wakatazama chini. Koko akacheka kwa sauti.

Mimi nikasogea mbele, nikageuza mgongo ili mgeni amwone vizuri Baraka wetu. Hakumsifu. Aliniambia nimshushe, akamshika mguu, akaubonyeza kwa kidole gumba, akangoja kidogo, akakitoa. Shimo likabaki. Nilisubiri lijae, halikujaa.

"Mama, huyu hanenepi," alimwambia Koko polepole. "Iko maji mu mwili. Hii njo bwaki, bugonjwa ya kukosa chakula muzuri. Mutoto wenu iko na njaa."

"Njaa? Kwangu mimi? Mutoto munene hivi!" Koko aliwaka, akambeba Baraka mwenyewe, tukarudi nyumbani nyuma yake.

Jioni, kando ya moto, nilimwona akiubonyeza ule mguu kwa kidole chake. Akabonyeza na wa pili. Akakaa akiyatazama yale mashimo.

"Ule wangu naye alikufa munene," alisema.

Mama akaacha kusonga bugali. Sikujua kwamba Koko aliwahi kuzika binti. Watu walisema alirogwa, na jina lake halikutajwa tena.

Kulipokucha Koko alichemsha yai, akafunga mlango ili majirani wasione. Alilimenya, akaanza kumlisha Baraka vipande vidogo vidogo.

"Acha akuwe mwizi," alisema bila kututazama. "Mwizi tutamufunga kamba. Akikufa, tutamufanya nini?"

Siku hiyo hiyo Mama alimpeleka kituo cha afya cha Kitshanga, kama Mama Josefina alivyoagiza. Maziwa na dawa vilitoka huko. Waliporudi nyumbani, yai lilitoka kwa Koko kila asubuhi, baada ya kidole chake kupima mguu. Mashavu yalipungua, nami nikalia nikidhani anakwisha. Halafu asubuhi moja Koko alibonyeza, nyama ikarudi palepale, na Baraka akamtekenya shingoni. Koko alicheka mpaka akakaa chini.

Lile gari la njano liliacha kuja. Vikombe vikawa vya kupimia chumvi. Soya tukaendelea kuipanda wenyewe.

Miaka mingi nilidhani yale mafunzo yalimbadilisha Koko mawazo. Nilipopata mtoto wangu nilimpeleka amwone, nikamtania: "Kwa hiyo, Koko, uliona mayai hayaletaki wizi?"

Alinishangaa. "Nani alikuambia? Inaletaka."

Mara tukasikia pikipiki ya Baraka, mwanamume mzima sasa, akija kumsalimu na kumletea sukari. Koko alichukua kipande chake cha sabuni, akakisukuma chini ya mkeka, kama alivyofanya kila mara. Halafu akamnyooshea mikono yote miwili, uso mzima ukicheka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwahi kuacha kuamini. Asubuhi zote zile alijua analea mwizi, na alimtaka hivyo hivyo.