Tulishinda kesi ya maji moto ya shule, sasa mto wetu umekauka

Wakuu, kwema?

Hii sikusimuliwa na mtu. Ni yangu, na nitaisema yote hata pale inaponiumbua. Wenye mawe mkononi, subirini nimalize kwanza.

Mimi ni lab technician kwenye shule ya kutwa huku Tigania, juu kidogo ya Kianjai. Jirani yetu kuna shule ya bweni. Miaka michache iliyopita walichimba borehole, maji yakatoka ardhini yakiwa moto yenyewe. Wafadhili wakapitisha mabomba chini ya sakafu ya mabweni, watoto wakawa wanalala kwenye joto Julai nzima huku sisi wengine tukitetemeka ndani ya sweta mbili.

Wivu ulikuwepo kidogo, sitadanganya.

Sasa, maji yakishazunguka bwenini yalikuwa yanamwagwa mtoni kwa bomba. Na chini ya lile bomba ndipo Mama Kinya alikuwa amepanda nduma zake, yale magimbi ya mtoni.

Mama Kinya ni mjane, jirani yangu, tunasali kanisa moja. Soko la Kianjai wanamjua kwa nduma, na hana kazi nyingine. Siku moja alinifuata shuleni na nduma mkononi, imeoza, inanuka.

"Mwalimu, kuja uone hii maji," akaniambia. "Imekuwa ya kuoga. Nduma yangu inaivia kwa shamba."

Huku kwetu ukivaa koti jeupe wewe ni mwalimu, hata kama kazi yako ni kuosha test tubes.

Nikabeba kipimajoto na pH meter, nikaanza kushuka mtoni kila wiki. Napima juu ya bomba, napima chini yake. pH haikuwa na shida. Joto ndilo lilikuwa balaa: chini ya bomba maji yalikuwa vuguvugu, mawe yamevaa ute wa kijani, vyura hakuna.

Lakini ukishuka mbele kidogo maji yalikuwa yamepoa, na huko nduma zilikuwa nene, zina afya. Zilizooza ni zile za karibu na bomba tu. Hilo niliona. Sikulipa uzito.

Na kuna lingine niliona. Mwanzoni, kule juu ya bomba, nilikuwa nasimama maji yakinifika magotini. Baadaye nikawa nachuchumaa nitafute kidimbwi cha kuchovya kipimajoto. Watu wa juu walikuwa wameweka pampu na mipira ya kumwagilia miraa. Mimi nikaandika joto, nikaenda zangu nyumbani.

Chifu akaita baraza. Nikasimama na data yangu, nikasema kwa sauti: "Hii maji haifai mto wetu." Watu wakapiga makofi. Principal wa ile shule ya bweni hakubisha. Maji yakageuzwa, yakaingizwa kwenye bwawa ndani ya shule. Jumapili iliyofuata Mama Kinya aliniombea mbele ya kanisa zima, nami nikavimba kichwa.

Kiangazi kilipofika, mto ukaisha.

Sisemi ulipungua, wakuu. Uliisha. Kumbe wakati wote huo maji ya shule ndiyo yaliyokuwa yanaubeba mto, na sisi tulikuwa tunayafukuza.

Nilimsaidia Mama Kinya kung'oa zilizobaki. Udongo umepasuka, nduma zenyewe saizi ya kidole gumba. Tulifanya kazi asubuhi nzima. Niliumia sana.

Tukaenda wawili kwa principal kuomba maji yarudi, hata baada ya kupoa bwawani. Alitukaribisha vizuri, akatupa chai. Dirishani kwake sukuma wiki ya shule ilikuwa inang'aa.

"Lakini mwalimu," akasema, na hakuwa na ubaya, "si ni wewe ulisimama mbele ya chifu ukasema hii maji haifai mto? Sasa tumeipatia kazi. Watoto wanakula mboga."

Mama Kinya ndiye aliyejibu.

"Usimlaumu kijana. Ni mimi nilimtuma."

Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Nilichojifunza: kabla hujauliza maji ni mazuri kiasi gani, uliza ni mengi kiasi gani na yanatoka wapi. Na ukipigiwa makofi, rudi mtoni uangalie tena.

Mwenye amewahi kurudisha maji mtoni baada ya taasisi kuyachukua, anielekeze pa kuanzia. Ofisi gani, maneno gani. Matusi pia nitasoma, leteni tu.

Kila Jumapili tukitoka kanisani Mama Kinya alikuwa ananiuliza maji yanarudi lini. Jumapili iliyopita alinisalimia, akauliza habari ya watoto, akaenda zake.