Mtambo Wangu wa Visima

Niliondoka Kilifi asubuhi bila kujua ninakwenda wapi, jambo ambalo kwangu si geni. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo kila mji umenifundisha kitu kabla sijauchoka. Mkobani nilikuwa na nguo za kubadilisha, kompyuta ya mtumba, na ndani yake kazi ninayoionea fahari hadi leo: mtambo wa kutafuta habari za visima tu.

Wazo lilinijia katika mji wa Magarini, nilipokuwa kibarua wa kuvuta udongo kwa kamba kutoka visimani. Kila nikiuliza mtandaoni kwa nini kisima fulani kimeharibika, naletewa matangazo ya wachimbaji na ushauri wa nchi zisizo na bahari. Nikaamua kujifunza. Kumbe ipo njia ya kuuamuru mtambo usake kwenye tovuti ulizochagua mwenyewe, kwingine kote usitie mguu. Zangu nilizisoma moja moja kabla ya kuziingiza: taarifa za wataalamu wa maji, za visiwani, za wakulima wa pwani kama yetu. Aliyekuwa akiuza kitu nilimwacha nje.

Lori la mbao lilinishusha Mambrui. Nikateka maji kwenye kisima cha msikiti, nikatawadha, nikaswali, kisha nikaulizia chumba. Nilielekezwa kwa mama mjane anayepangisha vyumba. Nilimkuta uani, amesimama na fundi wa visima, mwanamume wa makamo mwenye mikono mipana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama ni chumba, vipo tele. Lakini kisima changu kimeingia chumvi, wapangaji wamenihama wote. Simpi mtu chumba kisicho na maji. Kesho fundi anachimba zaidi."

Nikaonja. Chumvi tupu.

"Imeanza lini?"

"Baada ya kuweka pampu. Mwanzoni maji yalikuwa matamu, wallahi."

Nilikaa chini, nikafungua kompyuta. Kwanza niliuliza mtandao wote. Jibu la kwanza likasema ongeza kina. Kisha nikauliza mtambo wangu. Kila ukurasa uliouleta ulisema kinyume: karibu na bahari maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, ukichimba sana unayafuata ya chumvi, na ukivuta kwa pampu kubwa unayapandisha. Izime, kisima kipumzike, teka kidogo kidogo.

Nikawasomea. Fundi akacheka.

"Hiyo kompyuta yako imechimba visima vingapi?"

"Hata kimoja, kaka. Ila imesoma habari za vingi."

"Basi iteremshe chini ikachimbe, mimi nipumzike!"

Mama hakucheka. Kisima kile ndicho kilichokuwa kikimlisha tangu mumewe alipofariki.

"Hebu niambie, fundi," nikasema, "kisima cha msikiti kiko karibu zaidi na bahari. Nimetoka kukitumia sasa hivi, maji yake matamu. Ni kirefu kuliko hiki?"

Akajikuna shingo. "Kifupi. Nilikisafisha mwenyewe."

"Maji wanayavuta kwa kitu gani?"

"Kwa ndoo," akajibu mama, kabla fundi hajafungua kinywa.

Kisha fundi akakunja kamba yake. "Sawa, bibi. Tungoje. Lakini chumvi isipotoka, nitakuja kuchimba, na huyu msomi wako ndiye atakayevuta udongo."

"Nitavuta," nikasema. "Kazi hiyo naijua."

Pampu ikazimwa. Nikapewa kona msikitini pamoja na wasafiri wengine, na kila asubuhi nikaja uani kuteka ndoo chache tu. Mama alionja, akatema. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimezisoma kurasa zile zote, na nilijua nilichokiweka ndani na nilichokikataa. Chumvi ilipungua polepole, hadi asubuhi moja mama akaonja na hakutema. Akaonja tena. Akamwita jirani naye aonje, maana ulimi wake mwenyewe hakuuamini.

Jirani akanywa kata nzima, akaomba nyingine.

Mama akaingia ndani, akatoka na ufunguo na shuka safi.

"Chukua chumba cha mwishoni, kinachoelekea kisimani," akasema. "Na pampu usiiguse, hata nikikuomba mimi."

Nikachukua mkoba wangu, nikafungua mlango.