Mbegu Zetu Kwenye Sadaka ya Majilio

Siku ya kugawa sadaka, ukumbini mwa shule tulikuwepo hawa: Sista, mkuu wa shule; katekista na ndoo yake ya maji ya baraka; jirani yangu, mama wa Kiislamu mwenye watoto wawili pale shuleni; bibi mmoja mjane, wa kwanza kufika kati ya waliokuja kupokea chakula; mdogo wangu wa mwisho, wa darasa la tatu; wanafunzi wenzake, waliokuja kutazama; na mimi. Padre hakuwepo, ingawa kwenye shukrani alitajwa kabla yetu sote.

Mimi niliteuliwa kusimamia chakula kwa sifa mbili. Niliacha shule darasa la sita wazazi walipofariki, kwa hiyo nilidhaniwa nina nafasi. Na gunia nabeba peke yangu. Sista aliwatangazia watoto kwamba kila mmoja alete chakula cha wahitaji kabla shule haijafungwa, na kwamba sadaka ya kweli humuuma mtoaji. Watu wakaleta makopa. Muhogo mkavu ulijaa ukumbini mpaka tukapiga chafya. Makopa yanauma kweli, ila wakati wa kuyala. Sista, ambaye si mtu wa huku, akauliza kama hakuna mwenye mchele. Jirani yangu akamjibu kwa adabu kwamba mwenye mchele mwezi huu hajulikani, na akijulikana tutamtembelea.

Kwangu hakikutoka kitu. Nilimwambia mdogo wangu kwamba sisi wenyewe tulistahili kuwa kwenye orodha ya kupokea, akamwambie Sista hivyo.

Basi katekista alipomaliza kunyunyiza maji, Sista akafungua mfuko mmoja na kutoa mahindi, akayainua juu kwa mikono miwili kama Padre anavyoinua hostia. Akasema hii ndiyo sadaka bora ya siku, na aliyeileta ni yatima. Watoto wakapiga makofi. Mdogo wangu akasimama, kifua mbele.

Nikayatazama mahindi. Yalikuwa meusi kwa moshi, yamefungwa manne manne kwa maganda yake, jinsi marehemu mama alivyotufundisha. Mbegu zetu. Zilining'inia juu ya jiko tangu mavuno, zikisubiri mvua, na mawingu yalishaanza kukaa. Mtoto aliambiwa atoe kilicho bora, akatazama nyumba nzima, akaona bora iko pale juu tu.

Jirani akaniinamia. "Dada, ile si mbegu yenu?"

Nikasema siyo.

"Sawa. Mimi ni mgeni kwenye dini hii, sijui kama humu ndani mnaruhusiwa kudanganya."

Ningefanyaje? Kuidai mbele ya watu ni kumvua nguo mdogo wangu, naye bado alikuwa amesimama. Mfuko akapewa bibi. Nikajitolea kumbebea mzigo hadi kwake, na Sista akanisifu kwa moyo wangu.

Nyumbani kwa bibi nilitua mzigo, lakini sikuondoka. Nilizungumzia mvua, nikazungumzia paa lake. Mwishowe akanionea huruma.

"Sema, mjukuu wangu. Mbegu anaitoa mpumbavu au mtoto. Wewe yupi?"

"Ni mtoto, bibi."

"Afadhali. Lakini Mungu nimeshamshukuru. Nikirudisha yote ataniona kigeugeu."

Tukakubaliana hivi: nusu nirudi nayo, nusu ibaki kwake, ipandwe shambani mwake. Kwa kuwa mikono yake haishiki tena jembe, nitalima mimi, ngwe tatu.

Mdogo wangu nilimwambia amefanya vizuri, kisha nikayatundika yaliyorudi mahali ambapo hata mimi nayafikia kwa kupanda kinu. Aliuliza yametoka wapi. Nikamjibu kwamba sadaka ina baraka zake, akaridhika, na sasa ana imani kuliko katekista.

Mvua imenyesha. Kwetu nimepanda, na kwa bibi nimemaliza ngwe mbili, yeye akiwa mlangoni ananiambia matuta yamepinda. Ya tatu ni ile ya bondeni, imejaa magugu ya ndago tupu, na jana niliikwepa kwa kisingizio cha mgongo. Bibi hakubisha. Alisema tu kwamba mahindi yake hayajui habari za mgongo wangu, na kwamba kesho yupo pale pale mlangoni.