Papa Aliyetema Divai

Wasomaji wangu, kwanza naomba radhi kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazozikosea. Niliishia darasa la saba, katika kambi ya wakimbizi, na mpaka leo nikishika kalamu mkono wangu unatembea kama mtu anayevuka barafu kwa viatu vya kanisani. Dada anayechapa jarida letu husahihisha anachoweza, kisha hunicheka kwa kilichobaki. Wiki hii nimemwomba asicheke, kwa sababu nina msiba. Jumanne jioni nilikuwa kazini, kwenye kile kiwanda cha kufunga vyakula hapa ugenini, mjini Fridley, simu ikaanza kutetemeka mfukoni mfululizo. Nilijua kuna kifo kabla sijaifungua. Watu wetu hawatumi ujumbe wa sauti kumi na mmoja kwa habari njema. Mzee yule wa ghorofa ya pili, ambaye jengo zima lilimwita Papa Divai, yaani Baba Divai, moyo wake ulikuwa umesimama hospitalini Coon Rapids.

Kwa wale ambao hawakumfahamu, kazi yake ilikuwa kuonja divai. Najua mnavyocheka, nasi tulicheka. Alifanya kazi katika mgahawa mmoja wa watu wenye nafasi, mjini Saint Paul. Mgeni akiagiza nyama, Papa ndiye aliyemwambia anywe nyekundu ipi. Akiagiza samaki, nyeupe ipi. Alianza pale kwa kuosha vyombo. Alikuwa na tabia ya kunusa glasi chafu kabla ya kuzitia majini, na siku moja bosi alimkuta akimwelezea mwenzake, glasi moja baada ya nyingine, zipi zilitoka chupa moja na zipi hazikutoka. Bosi akaleta chupa ili amkomoe. Papa hakukosea hata moja. Mwaka uliofuata walimtoa kwenye sinki, wakamvalisha koti jeusi.

Mimi nilimfahamu kwa sababu ya gari. Zamu yangu huanza saa nane mchana, na muda huo ndio alikuwa akielekea Saint Paul, kwa hiyo alinichukua mlangoni na kunishusha kiwandani. Mimi si mtu wa maneno. Safari yetu ya kwanza nilimsalimia tukiondoka na kumshukuru tukifika. Ya pili akanipa ganda la chungwa.

"Nusa, mama," akasema. Alituita mama wasichana wote, kama wazee wa kwetu wanavyofanya. "Iko namna gani?"

"Nzuri, Papa."

"Nzuri! Hata sabuni ni nzuri. Nzuri kama nini?"

Tulipita taa tatu za barabarani ndipo nikapata jibu. "Kama mkono wa mwalimu wangu wa darasa la pili. Alikuwa anakula machungwa darasani bila kutugawia."

Alicheka mpaka gari likayumba. Akaniambia kuwa hiyo ndiyo kazi yake yote. Wenzake kazini huandika kwamba divai hii inanukia matunda fulani ya porini ambayo yeye hajawahi kuyaona mtini, basi alijitengenezea daftari lake kwa Kiswahili. Divai moja aliiandika "mapera yaliyosahauliwa dirishani". Nyingine, "robota la mitumba likifunguliwa". Moja nyekundu ya bei kubwa mno aliiandika "shangazi amefika, hajavua kilemba". Wageni wake waliipenda hiyo. Hawakujua inaitwaje.

Alinifundisha pia nini kinakwenda na nini. Ile divai nyekundu inayokausha ulimi kama chai iliyolala kwenye birika, mpe mtu na nyama ya mbuzi yenye mafuta, itatulia. Mpe na ndagala, wale dagaa wetu, atahisi kama amelamba ufunguo. Pilipili yetu ukiitia karibu na nyekundu kali umewasha moto juu ya moto. Tafuta nyeupe yenye utamu kidogo. Kilichomsumbua ni sombe. Alisema vitabu vyote vya kazi yake vimeandika samaki wa kila bahari na jibini la kila kijiji, lakini hakuna hata kimoja kilichomwambia majani ya muhogo yenye mawese na karanga yanataka divai gani. "Sisi hatujaulizwa," alisema.

Hapo ndipo kosa langu linapoanza, na sitalipunguza.

Papa alimwomba mama yangu amtumie kazini sufuria ya sombe. Mama alidhani ni hamu ya nyumbani, akatwanga kwa moyo wote. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, akanituma niipeleke kwa basi. Niliingia kwa mlango wa jikoni. Katika chumba cha pembeni nikamwona Papa na wenzake wanne, mgahawa haujafunguliwa, meza imejaa chupa na glasi. Hakuna aliyeniona. Papa aliinua glasi, akaitazama kwenye mwanga, akaizungusha, akatia pua ndani, akafumba macho na kutabasamu kama mtu aliyepokea barua. Kisha akapiga funda kubwa, mashavu yakaanza kucheza. Nikaona haya, kana kwamba nimemfumania mzee bafuni. Niliweka sufuria kwa mpishi, nikatoka mbio.

Nyumbani mama akauliza, "Ameipokea?"

"Sijui. Alikuwa anakunywa."

"Anakunywa nini?"

"Divai."

"Glasi moja?"

"Meza ilikuwa imejaa, mama."

Mama aliketi. "Yesu wangu. Na sombe yangu ndiyo ya kunywea pombe?"

Jumatano akaileta habari hiyo kwenye kikundi cha maombi cha akina mama, kwa nia ya kuombea. Mnajua maombi yetu yana masikio mengi. Kufikia Ijumaa meza yangu ilikuwa imegeuka chupa sita. Kufikia Jumapili Papa alikuwa amebebwa hadi kwenye gari lake, na kuna mtu aliyeshika miguu.

Ingekuwa ni kucheka tu, nisingeandika. Lakini Papa ndiye aliyeandaa meza ya Bwana kanisani kwetu kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na hakukuwa na kitu alichokipenda kama hicho. Kanisa letu linatumia juisi ya zabibu, si divai, na hata juisi hiyo aliionja aina nyingi kabla ya kuchagua. Aliukataa mkate wa kawaida wa dukani kwa sababu una sukari, na juisi ina sukari, mtu anatoka mezani kama ametoka kwenye sherehe ya mtoto. Aliufuata mkate mkavu kwa waokaji fulani kule mtaa wa Frogtown, theluji iwe imeanguka au la. Sasa wazee wa kanisa wakamwambia apumzike mezani mpaka jambo lake lisikilizwe. Jumatatu tulipokuwa garini hakunipa kitu cha kunusa.

"Wamenitoa mezani, mama," akasema. "Kule kazini namimina kwa watu wasionitazama usoni. Pale kanisani namimina kwa watu wangu. Wakininyima pale, nimebaki na kule tu."

Nilitazama dirishani. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na ilikuwa fupi. Nikashuka kiwandani nayo mdomoni.

Papa hakugombana na wazee. Aliwaambia kwamba kazini divai huionja na kuitema, haimezi, akawaomba waje waone kwa macho. Jumamosi baada ya chakula cha mchana tulikusanyika kwenye chumba cha mikutano cha jengo letu: mchungaji, wazee watatu, akina mama wa maombi, na mama yangu akiwa na sufuria nyingine ya sombe na nyama ya mbuzi, kwa sababu hata katika kesi watu wanakula. Mkali kuliko wote alikuwa mzee mmoja aliyesimamia mizani ya mgao wa chakula kule kambini. Huyo mtu aliwahi kumrudishia bibi kizee maharage matatu yaliyodondoka, kwa haki. Alikuja na jagi la kupimia unga.

"Ndugu yangu, unasema unatema," akaanza. "Mimi sijawahi kuona binadamu anayelipwa kunywa kitu kitamu halafu anakitema."

"Ndiyo maana nimekuiteni, kaka. Pima."

Mzee wa mizani akapima divai aliyoileta Papa, ya glasi sita, nyeupe tatu na nyekundu tatu, akachora mstari kwenye jagi. Papa akaanza kazi. Alitazama, akazungusha, akanusa, akapiga funda, akavuta hewa kwa sauti kama mtu anayekunywa uji wa moto, kisha akatema kwenye ndoo, mstari mmoja mwembamba, bila kudondosha hata tone kwenye shati. Mchungaji alisema "Aisee" kabla hajakumbuka cheo chake. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Kilikuwa kitendo kile kile nilichokiona, ila sasa nilikuwa nimekingoja mpaka mwisho. Siku ile ya sufuria ningekaa kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, pasingekuwa na kesi.

Glasi zilipokwisha, mzee akamimina ya ndoo kwenye jagi. Akainama. Akavua miwani, akaifuta, akainama tena.

"Imezidi," akasema.

"Imezidi nini?" akauliza mchungaji.

"Iliyotoka ni nyingi kuliko iliyoingia. Miaka yangu yote ya mizani, sijaona mgao unaozidi!"

"Ni mate yangu, kaka," akasema Papa kwa upole. "Hayo nimeyatoa sadaka."

Akina mama waliangua kicheko, lakini mzee hakuridhika. Akasema kutema si ufundi, hata mtoto mchanga anatema, na kwamba yeye mwenyewe ataonyesha. Mchungaji akainua mkono wa kumzuia, ukachelewa. Mzee alipiga funda la nyekundu. Mashavu yakajaa, macho yakatoka, akaielekea ndoo, akasita. Koo likapanda, likashuka. Chumba kizima kilisikia.

"Imeingia," akasema.

"Imeingia wapi?" mama yangu akauliza, naye alijua.

"Imeingia mahali pake."

Sijawahi kuona watu wa maombi wakicheka hivyo, mmoja alikaa chini kabisa. Papa peke yake hakucheka. Alimshika mwenzake bega akamwambia, "Usione haya. Ni kosa la siku ya kwanza. Mimi nilimeza wiki nzima, nikarudi nyumbani kwa basi nikiimba." Kisha akamkatia kipande cha mbuzi. Mzee akatafuna, akatulia, akatazama juu kama anayekumbuka jina la mtu.

"Ah," akasema. "Ukali wake umekwenda wapi?"

"Umekutana na mafuta."

Mzee wa mizani akasimama. Alisema, "Mimi nimeweka ndani funda zima. Huyu hajaweka hata tone. Kama ni kuhukumu, anzeni na mimi, na mizani ninaileta mwenyewe." Hakuna aliyeanza. Mchungaji akasema kuwa Jumapili ya kwanza meza ni ya Papa kama kawaida, kisha akauliza kama kile kipande cha mbuzi kilikuwa na wenzake. Na sombe, kama mnataka kujua, ilipata jibu lake siku hiyo. Ilikuwa nyeupe ya pili, ile kali kama ndimu. Papa aliitoboa siri hiyo kwa mama yangu tu, akaiandika daftarini: "inaosha mawese, inaacha karanga".

Tangu nisikie kifo chake nimekuwa nikiwaza juu ya kazi zetu. Wengi wetu hapa tunaulizwa mgongo tu: beba hiki, sukuma kile, simama kwa muda wa saa nane. Kambini tuliishi miaka kwa mahindi na maharage yale yale, na hakuna mtu aliyewahi kuja na karatasi kuuliza tunapenda nini. Nadhani ndiyo maana Papa alishangaza. Alikuwa mtu wetu, aliyekula mgao ule ule, na alilipwa kwa kusema: hii naipenda, ile siipendi, na sababu ni hii. Tulishindwa kuamini kwamba hiyo ni kazi, tukaona ni heri kuamini ulevi, ambao tunaujua. Nyumbani nako ni hivyo hivyo. Mtoto anajibu kwa Kiingereza kwamba yuko "sawa tu kazini", mzazi anajibu "Mungu asifiwe", na hakuna anayejua mwenzake anashinda akifanya nini.

Baada ya Jumamosi ile nilipanda gari la Papa siku nyingi, majira ya theluji na majira ya mbu. Kila mara nilitaka kumwambia kwamba aliyemwona ni mimi. Kila mara yeye alikuwa na ganda, au jani la chai, au swali, na kiwanda kilikuwa karibu. Hakuwahi kuuliza ni nani. Sasa nawaambia ninyi, na hasa mjane wake, ambaye najua husomewa safu hii: ni mimi. Niliona nusu, nikasimulia nzima.

Basi funzo langu ni dogo, linanitosha mimi na labda mtu mwingine mmoja. Ukimkuta mtu kazini kwake na hukuelewa anachofanya, usiondoke. Vumilia haya yako, simama pale, muulize. Nami nawaomba mniandikie, tafadhali, kwa anwani ya jarida. Niambieni mnashinda mkifanya nini kule mnakokwenda asubuhi, hasa kile ambacho nyumbani hawajawahi kuwauliza. Andikeni hata kama ni ndefu. Nitakaa hadi mwisho.